UZI: Umesimamishwa kwa taa mbovu Marekani, ghafla inatokea hati ya kukamatwa ya jimbo lingine. Mambo yanavyokwenda

Mkalimani wa Louisville

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani, hasa wanaovuka mpaka wa jimbo kila siku kwenda kazini. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani na kwenye jela za kaunti, huku Kentucky. Siwezi kusimulia kesi ya mtu yeyote, maadili ya kazi hayaruhusu, ila naweza kueleza mfumo unavyofanya kazi. Kila wiki kuna familia inapiga simu usiku kuuliza: "Kwani taa ya nyuma ikiungua mtu anapelekwa jela?" Hapana. Taa ndiyo iliyomsimamisha. Kilichompeleka jela ni hati iliyotolewa jimbo lingine, pengine miaka mitatu nyuma, kwa jambo ambalo mwenyewe alidhani limekwisha.

Askari hujuaje? Kuna hifadhidata ya FBI inayoitwa NCIC. Ilianza kazi Januari 1967, na leo makao yake yako Clarksburg, West Virginia. Ina mafaili zaidi ya 20: magari ya wizi, silaha, watu waliopotea, na lile linalotuhusu hapa, faili la watu wanaotafutwa. Jina likishaingizwa humo na kaunti moja ya Georgia, askari wa Idaho analiona kwa sekunde chache. Pembeni yake kuna mtandao wa Nlets unaopitisha taarifa za leseni na usajili wa magari baina ya majimbo. Leseni ya Texas ikisomwa Ohio, hakuna anayehitaji kupiga simu Texas.

Na kazi inaanza kabla hujashusha kioo. Akiwa nyuma yako, askari anaingiza namba ya gari kwenye kompyuta yake, au kamera ya kusoma namba inafanya hivyo yenyewe. Mwaka 2020, katika kesi ya Kansas v. Glover, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kama mwenye gari leseni yake imefutwa, askari anaruhusiwa kudhani kwamba anayeendesha ni mwenye gari na kumsimamisha kwa hilo tu, isipokuwa kama anaona wazi kuwa ni mtu mwingine. Kwa hiyo kuna wanaosimamishwa bila kosa lolote la uendeshaji siku hiyo.

Akishachukua leseni yako anarudi garini kwake na kupeleka jina na tarehe ya kuzaliwa. Watu wengi huniuliza kama ana haki ya kukuangalia hati wakati kosa ni mwendo tu. Ndiyo. Kesi ya Rodriguez v. United States ya 2015, iliyotokea Nebraska, iliweka mpaka: askari hawezi kukuzuia kwa muda unaozidi shughuli ya kosa la barabarani, kwa mfano kumsubiri mbwa wa kunusa dawa za kulevya, bila sababu ya kutilia shaka. Lakini mahakama hiyohiyo ilitaja kuangalia leseni, usajili, bima na kama dereva ana hati ya kukamatwa kuwa sehemu ya kawaida ya shughuli hiyo.

Sasa naomba msome hapa taratibu, kwa sababu ndipo uvumi wa kwenye magrupu unapotupoteza.

Jina kugonga kwenye mashine halitoshi kukukamata kwa hati ya mbali. Sheria za NCIC zenyewe zinamtaka askari athibitishe kwanza na ofisi iliyoingiza hati. Maswali ni matatu. Je, hati bado iko hai? Je, huyu aliyesimama hapa ndiye mtu mwenyewe? Je, mko tayari kuja kumchukua? Ofisi ile inatakiwa kujibu ndani ya dakika 10 kama ombi ni la dharura, au ndani ya saa moja kama ni la kawaida. Ndiyo maana unaweza kukaa pembeni ya barabara muda mrefu bila kuelezwa kitu, kisha gari la pili la polisi linafika na kusimama nyuma. Ukiona hivyo usishuke, usianze kutafuta kitu chini ya kiti, wala usipige kelele. Mikono kwenye usukani, subiri.

Swali la tatu ndilo watu wasilolijua kabisa. Kila hati inapoingizwa NCIC inawekewa alama inayoonyesha kaunti ile itamfuata mtu mpaka wapi. Zipo za kumfuata popote Marekani. Zipo za majimbo jirani tu. Zipo za ndani ya jimbo tu, hazivuki mpaka. Kwa makosa makubwa alama ni namba. Kwa madogo ni herufi. Sababu ni fedha. Kutuma maofisa wawili kutoka Florida hadi Washington kumleta mtu aliyekosa kufika mahakamani kwa kosa dogo kunaigharimu kaunti kuliko faini yenyewe, na sherifu anapiga hesabu hiyo. Pia kuna hati nyingi za makosa madogo ambazo hazipelekwi NCIC hata kidogo, zinabaki kwenye mtandao wa jimbo au wa kaunti.

Chukua mfano, si mtu halisi. Kijana anaishi Louisville, anafanya kazi ghala moja Jeffersonville, Indiana, ng'ambo ya mto Ohio. Anasimamishwa Indiana hana leseni. Indiana, kuendesha bila kuwahi kupata leseni ni kosa la jinai, dogo, si faini ya kulipa na kuondoka. Anapewa karatasi yenye tarehe ya mahakama. Karatasi ni ya Kiingereza. Anahama nyumba, barua ya pili inakwenda anwani ya zamani. Siku inafika, hayupo, hakimu anatoa hati. Mwaka unaofuata anasimamishwa huku Kentucky kwa kutofunga mkanda. Kama kaunti ile ya Indiana iliweka alama ya "majimbo jirani", analala ndani. Kama angesimamishwa Colorado kwa hati hiyohiyo, askari angemwambia tu, "Una hati Indiana, nenda kaishughulikie," akamwachia. Hapo ndipo mtu anajidanganya kwamba imeisha. Haijaisha. Akirudi karibu na Indiana inamsubiri palepale.

Nitaendelea na kinachofuata baada ya pingu. Karibuni kwa maswali.

---

Dereva wa Masafa

Mkuu, heshima yako. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, naendesha trela. Naongezea upande wetu wa CDL, yaani leseni ya magari makubwa ya biashara. Sisi tunasomwa zaidi ya wenye magari madogo, maana hata kwenye mizani na ukaguzi wa njiani afisa anaweza kupitisha jina. Halafu kuna mkataba wa majimbo wa 1977 kuhusu madereva wa nje: ukipewa tiketi jimbo lingine ukaipuuza, jimbo lile linaandikia jimbo lako, na jimbo lako linafunga leseni mpaka ulipe. Karibu majimbo yote yamo, zimebaki nje chache kama California, Michigan na Wisconsin. Hapo tiketi ya dola mia na ushee inageuka leseni iliyofungwa, kuendesha na leseni iliyofungwa inageuka kosa la jinai, ukikosa mahakama kwa hilo ndiyo hati inazaliwa. Nimeona madereva wazuri wakipoteza kazi kwa mnyororo huo.

Na sheria ya shirikisho inakutaka umjulishe mwajiri ndani ya siku 30 ukitiwa hatiani kwa kosa lolote la barabarani, isipokuwa la kuegesha, hata kama ulikuwa na gari lako binafsi wikendi. Usifiche, atajua.

---

Kijana wa Uvira

Ndugu, nakushukuru sana. Nina swali ambalo linanitesa. Sisi tuliotoka kambini, Nyarugusu, Kakuma, wengi tumeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu hatukuwa na cheti. Na majina yetu yanafanana. Mimi nimesimamishwa zaidi ya mara moja na kila mara askari ananiuliza kama nimewahi kuishi jimbo fulani ambalo sijawahi kukanyaga. Je, naweza kufungwa kwa hati ya mtu mwingine?

---

Mkalimani wa Louisville

Ndugu yangu, swali lako ni zito na nitalijibu kwa urefu.

Mashine inatafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na haihitaji herufi zilingane zote. Inaleta pia majina yanayosikika karibu sawa, kwa makusudi, kwa sababu wanaotafutwa hubadilisha tahajia. Sasa weka Hassan, Juma, Mohamed au Amani, kisha weka 1 Januari ambayo wanayo maelfu ya wakimbizi. Lazima itagonga. Jina la kwanza likiwekwa mahali pa ukoo, au la babu likiachwa jimbo moja na kuandikwa jimbo lingine, vurugu inaongezeka.

Swali la pili katika yale matatu, "ndiye huyu?", ndilo linalokulinda. Hati kwenye NCIC inaweza kuwa na urefu, uzito, rangi ya macho, makovu, michoro ya mwilini, namba ya leseni, namba ya FBI inayotokana na alama za vidole. Ukiwa barabarani sema kwa utulivu: "Huyo si mimi, naomba mlinganishe alama za vidole." Sema mara moja, usibishane. Ukifikishwa jela, vidole vinachukuliwa na tofauti huonekana hapo, ingawa usiku unaweza kuwa umekwisha.

Kwa mtu anayegongwa mara kwa mara kama wewe, mtafute wakili aombe barua rasmi kutoka mahakama au polisi waliotoa hati ile, inayosema kwamba wewe si mtajwa. Ibaki garini pamoja na kadi ya usajili. Na kama kuna mtu aliyetumia jina lako kwa wizi, polisi wa kwenu wanaweza kukuingiza kwenye faili la NCIC la walioibiwa utambulisho, unapewa neno la siri, na siku ukisimamishwa askari anakuuliza neno hilo. Ni huduma nzuri ambayo sijaona watu wetu wakiitumia.

Makosa ya mashine si ya kufikirika. Mwaka 2004 huko Alabama, ofisi ya sherifu ya Coffee County iliuliza kaunti jirani ya Dale kama ina hati ya mtu mmoja. Wakajibiwa ipo. Akafuatwa, akakamatwa, akapekuliwa. Karani alipokwenda kutafuta karatasi yenyewe ili aitume, akakuta ilishafutwa miezi mitano nyuma, ila kompyuta haikurekebishwa. Kesi hiyo, Herring v. United States, ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2009 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba vitu vilivyokutwa kwenye upekuzi ule vinaweza kutumika mahakamani, kwa kuwa kosa lilikuwa uzembe wa kawaida. Kwa hiyo usitegemee kwamba kosa la karani litakuokoa baadaye. Ukifutiwa hati, chukua nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama na ukae nayo.

---

Mama Neema

Mkalimani, kaka yangu amekamatwa Tennessee, kesi iko Georgia. Wanasema asaini karatasi ili asafirishwe haraka. Asaini au asisaini? Tuko gizani, watoto wanalia.

---

Mkalimani wa Louisville

Pole sana dada. Kwanza, asisaini chochote kabla hajaongea na wakili na kabla hajapata mkalimani. Hilo nalisema kwa herufi zote. Taasisi zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 kumhudumia mtu kwa lugha anayoielewa, na jela na mahakama karibu zote zinapokea. Aseme wazi: "I need a Swahili interpreter." Aseme hivyo hata kama Kiingereza cha dukani anakiweza, kwa sababu Kiingereza cha mahakamani ni kitu kingine kabisa. Nimesimama vyumbani ambako mtu ameshasaini kabla sijaingia, na nikimsomea alichosaini anakaa chini kwa mshtuko.

Karatasi yenyewe ni ya kuacha haki ya kupinga kupelekwa Georgia. Katiba ya Marekani, ibara ya IV, inalitaka jimbo moja kumrudisha mtuhumiwa kwa jimbo lingine linalomdai, na tangu hukumu ya Puerto Rico v. Branstad ya 1987 gavana anaweza kulazimishwa na mahakama ya shirikisho akikataa. Ukipinga, jaji wa Tennessee hasikilizi kama kaka yako ana hatia. Kwa hukumu ya Michigan v. Doran ya 1978 anaangalia mambo manne tu: karatasi ziko sawa, ameshtakiwa kweli huko, ndiye mtu mwenyewe, na ni mtoro wa kesi hiyo. Kwa hiyo kama hakuna mgogoro wa utambulisho, mawakili wengi humshauri mteja aache kupinga ili asikae ndani wiki nyingi akisubiri hati ya gavana, yaani amri ya gavana wa Tennessee ya kumkabidhi kwa Georgia. Kama si yeye, apinge. Uamuzi ni wake na wakili wake. Kama hana fedha aombe wakili wa umma siku ya kwanza mbele ya jaji.

Muda: chini ya sheria ya mfano inayotumika karibu majimbo yote, jaji anaweza kumshikilia siku 30 akisubiri hati ya gavana, na kuongeza mpaka siku 60 nyingine. Dhamana inawezekana katika kipindi hicho kwa makosa mengi, muulizeni wakili aiombe mapema. Wakati huohuo, na hili ni la leo, si la kesho, mtafute wakili wa kaunti ile ya Georgia. Kesi imezaliwa kule na inamalizikia kule. Mara nyingi wakili wa kule akiongea na mwendesha mashtaka, hati inafutwa, tarehe mpya inapangwa, na jela ya Tennessee inamwachia bila safari. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na ndiyo familia huiacha mpaka mwisho kwa sababu zinakimbilia jela alipo mtu.

Akisafirishwa, ajiandae. Kaunti nyingi hukodi kampuni za magari ya kubeba mahabusu, gari linazunguka majimbo likichukua na kushusha watu, na safari ya saa tano inaweza kuchukua siku kadhaa. Kama anatumia dawa za presha au kisukari, muuguzi wa jela aandikiwe kabla hajaondoka.

Kama ni Mtanzania, jela inatakiwa kuujulisha ubalozi wa Tanzania hata asipoomba, kwa sababu Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo taarifa ni lazima. Kwa raia wa nchi zisizo kwenye orodha hiyo, anatakiwa aelezwe kwamba ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Mkimbizi au mwenye kesi ya hifadhi afikiri kabla ya kuomba, aongee na wakili wake kwanza.

---

Msafiri 77

Mimi naona bora kunyamaza tu. Hati ya kosa dogo, miaka kumi ikipita nani ataikumbuka?

---

Mkalimani wa Louisville

Mkuu, kompyuta inakumbuka. Hati ya aina hii kwa kawaida haifi kwa kupitwa na muda, inakaa mpaka jaji aifute au itekelezwe. Na ni nyingi mno. Mwaka 2016, kwenye kesi ya Utah v. Strieff, Jaji Sotomayor aliandika kwamba hifadhidata za majimbo na shirikisho zina hati zaidi ya milioni 7.8, na kwamba Ferguson, Missouri, mji wa watu 21,000, ulikuwa na watu 16,000 wenye hati. Nyingi ya zile za Ferguson zilitokana na faini na makosa madogo kama haya tunayozungumza. Katika kesi hiyo wenzake walio wengi waliamua kwamba hata askari akikusimamisha kinyume cha sheria, hati iliyokuwepo tangu awali inaweza kuhalalisha alichokikuta mfukoni mwako. Aliyenyamaza amempa askari ufunguo huo.

Kwa mhamiaji kuna jingine. Ukiomba uraia vidole vyako vinapelekwa FBI. Hati ile ya kosa dogo inaweza kutokea kwenye meza ya afisa wa uhamiaji.

---

Binti Kigoma

Na ICE, wale polisi wa uhamiaji, je? Nasikia askari wa kawaida akiona jina kwenye mashine anakukabidhi kwao.

---

Mkalimani wa Louisville

Dada, kuna hati za namna mbili, tuzitenganishe. Ya jinai inasainiwa na jaji. Ya uhamiaji inasainiwa na afisa wa uhamiaji mwenyewe, na baadhi yake, hasa za watu waliokwisha amriwa kuondoka nchini, ziko pia ndani ya NCIC na zinamtokea askari kwenye kompyuta ileile. Kwa hukumu ya Arizona v. United States ya 2012, polisi wa jimbo kwa kawaida hawana mamlaka ya kukukamata kwa suala la uhamiaji peke yake. Lakini kaunti na majimbo yenye makubaliano na serikali kuu yanayoitwa 287(g) yamepewa sehemu ya mamlaka hayo, kwa hiyo jibu linategemea uko wapi. Na ukishaingia jela kwa sababu yoyote, vidole vinavyopelekwa FBI vinafika pia kwa idara ya usalama wa ndani. Ndiyo maana hati ndogo ya leseni ni hatari kubwa zaidi kwa asiye raia.

Jambo la pili, usikiri kosa ili utoke haraka. Kesi ya Padilla v. Kentucky ya 2010 ilimhusu dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, mkazi halali kwa zaidi ya miaka 40, aliyepigana Vietnam upande wa Marekani. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi na uhamiaji. Akakiri, akakuta amejifungulia mlango wa kufukuzwa nchini. Mahakama Kuu ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo. Basi muulize wakili wako swali hilo kwa sauti, kabla hujakiri.

---

Kijana wa Uvira

Ndugu, la mwisho. Nikitaka kujua kama nina hati kokote, naanzia wapi? Niende polisi nikaulize?

---

Mkalimani wa Louisville

Polisi usiende mwenyewe. Ikiwepo, watakukamata hapohapo kaunta, ni kazi yao. NCIC yenyewe haiko wazi kwa raia, na zile tovuti za kulipia zinazodai kukutafutia huwa na taarifa chakavu.

Kaa chini uandike kila kaunti uliyowahi kupewa karatasi yoyote na askari, hata ya kutofunga mkanda. Kila kaunti ina karani wa mahakama, na nyingi zina ukurasa wa kutafuta kesi kwa jina. Tafuta kwa kila tahajia ya jina lako, na kwa mpangilio tofauti wa majina. Ukikuta kesi yenye "failure to appear" au "warrant", mpigie wakili wa kaunti hiyo, au ofisi ya wakili wa umma kama kipato ni kidogo, aombe hati ifutwe na tarehe ipangwe upya. Mahakama nyingi siku hizi zinaruhusu kuhudhuria kwa video, huna haja ya kuendesha gari kwenda kule ukiwa na hati hai. Ikifutwa, mwombe wakili ahakikishe kwamba ofisi ya sherifu imeitoa pia NCIC, kwa sababu amri ya jaji na kompyuta ya sherifu ni vitu viwili. Kisha badilisha anwani yako mahakamani na ofisi ya leseni, kote kuwili. Kuijulisha uhamiaji peke yake hakupeleki taarifa mahakamani.

Nitumie majina ya kaunti inbox, nikuonyeshe kurasa za makarani. Bila malipo.